Gemu Lililoombewa Msamaha

Kabla ya kusimulia pale kilabuni, mzee Sirili aliweka chini kata ya mbege, pombe ya ndizi, akaapa kwa kahawa yake yote shambani kwamba haya ni kweli tupu, hayana hata chumvi ya kuonja. Anayebisha apande Uru akaulize.

Simu ya Mwantumu iliita akiwa sokoni Moshi, anachagua nyanya.

"Maziwa yanachacha Uru."

"Kwa nani?"

"Kwa Aminieli. Wahi."

Akarudisha nyanya. Maziwa kuchacha lilikuwa fumbo la kazini kwao: kuna hatari. Moyo haukumdunda. Kazi ilishamtia ganzi. Hata hofu ilimpita kama gari la watu wengine.

Mwantumu alikuwa jasusi wa duka la magemu la mtandaoni, lile ambalo watoto wa nchi nzima hulifungua kwenye simu za wazazi. Kazi yake, kuzuia takataka zisipenyezwe dukani. Takataka ya safari hii iliitwa Mbio za Kibo. Mtoto akilicheza tu, linakomba pesa yote kwenye simu ya mama yake. Lilitoka kwa genge la ng'ambo, na mtu wao Moshi alikuwa Ildefonce.

Gemu haliingii dukani mpaka mkaguzi wa mwisho alipitishe. Huyo ndiye mzee Aminieli. Alikuwa amelikataa, na Ildefonce akamtukana mbele za watu.

BMW ya Mwantumu, pikipiki ya magurudumu manene, ilipasua migomba. Nyuma yake, Land Cruiser nyeusi ya genge.

Risasi.

Kioo cha pembeni kikaenda. Mwantumu akachomoa bastola yake ya Walther, akapiga tairi bila kugeuka. Land Cruiser ikalala mferejini.

Akapiga miayo.

Alimkuta Aminieli barazani, kompyuta mapajani, kidole juu ya kitufe cha kijani. Mbele yake Ildefonce alikuwa amepiga magoti.

Na pembeni ya kompyuta, jani la isale.

Mwantumu akaelewa. Uchaggani, aliyekuletea isale humkatalii msamaha, hata kama amekuulia ndugu. Genge lilishindwa kumnunua mzee, sasa limemwomba radhi ili alipitishe gemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa. Isale nimeshaipokea."

Akaeleza, kwa sauti iliyokufa, kwamba anajua gemu ni la wizi, ila ukoo wao haujawahi kurudisha isale, na yeye hatakuwa wa kwanza.

"Mila za huku hazikuhusu, dada," Ildefonce alisema. "Rudi mjini."

Mwantumu akarudisha bastola kiunoni. Hapo ilikuwa chuma tu.

"Mzee, aliyekutukana nani?"

"Huyu."

"Gemu nalo lilikutukana?"

Ng'ombe alisikika bandani akicheua.

"Hapana," mzee alisema polepole. "Na wala halijaniomba kitu."

Kidole kikahama.

Kitufe chekundu.

Kisha akamshika Ildefonce mkono, akamwinua. "Nimekusamehe, baba. Kutoka moyoni. Kaa unywe mbege ukisubiri polisi."

Mwantumu akavaa Ray-Ban yake, akawasha BMW, akateremka. Hakujisikia shujaa. Hakujisikia chochote.

Kilabu kizima kikapiga makofi, isipokuwa Dominika, dereva wa bajaji, aliyekuwa pembeni anamalizia supu.

"BMW gani, babu Sirili? Huyo dada nilimpandisha mimi, nikamshusha mimi. Alilala njia nzima, anakoroma."

Kicheko. Pale kilabuni, anayekamatwa na uongo ndiye anayenunua. Mzee Sirili akakohoa, akaagiza mbege ya watu wote, na soda ya Dominika.

"Ila tairi la Land Cruiser lilipasuka kweli," alimnong'oneza muuzaji, akilipa.