Sauti Chini ya Mashine

Kamba ya waya ilikuwa inachuruzika maji, na jua lote lile la Ifakara! Agapiti aliigusa, akanusa kidole. Tope la mto.

"Bosi, hii mmeitoa wapi?"

"Wavuvi wameiopoa Kivukoni," Tadei, mwenye kinu, akajibu. "Mikanda yetu imekatika. Huo waya hata tembo unamnyanyua. Funga, baba, acha maneno."

Haya, mtu na kibarua chake, akafunga. Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa bado juu ya fuso, na kibarua mwenzake Beatus ameshika cheni ya winchi nyuma ya gari. Kabla ya kuvuta, Beatus huuliza, "Mikono?" na aliye kwenye mzigo hujibu, "Nje!" Bila jibu, hakivutwi kitu.

"Mikono?"

Agapiti alikuwa bado anauweka waya sawa, vidole viko chini yake. Hakufungua kinywa.

"Nje!" sauti yake mwenyewe ikajibu, kutoka chini ya mashine.

Waya ukakaza. Jamani, maumivu yale! Akataka kupiga kelele shusha, shusha, lakini kooni hakukutoka hata mkwaruzo, waya ukazidi kumla vidole, harufu ya tope ikamjaa puani, na ile sauti yake kule chini ikawa inacheka, "Vuta, Beatus, vuta mwanangu, kitu kinakuja!" naye Beatus, asiyeona chochote kule nyuma, akavuta kweli, na Agapiti akainuliwa kwa vidole vyake mwenyewe huku watu wamejaa uwanjani na hakuna hata mmoja anayemsikia.

Mkewe Stefania ndiye aliyemwokoa. Alikuwa amemletea ugali, akaona machozi kwenye uso wa mtu anayesikika akicheka.

"Shusheni! Huyo anayesema si yeye!"

Wakashusha. Vidole vitatu havikuwa vidole tena. Stefania akaufunga mkono kwa khanga, akamkokota kuelekea kwenye bodaboda wawahi hospitali.

"Mama Jenifer," sauti ikaita nyuma yao, kutoka chini ya mashine. Haikucheka tena, ilikuwa inalia. "Mama Jenifer, unaniacha mimi, unaondoka na nani?"

Stefania akasimama. Akamtazama mumewe.

"Baba Jenifer, sema kitu," akanong'ona. "Niite tu."

Agapiti akafungua kinywa, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kimya.

Stefania akamwachia mkono taratibu, akaanza kurudi kule kwenye mashine.