Mayai ya Bata Hayaokwi

Kagwe alikuwa mwangalizi wa tanuri katika kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda Thika. Kila jioni alirudi nyumbani Gitothua, Ruiru, nguo zake zikinukia sukari na siagi. Mkewe, Nyawira, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule barazani, mahali ambapo angeweza kuwaangalia bata wake bila kusimama.

Bata hao walikuwa weupe, wenye midomo ya manjano. Baba yake Nyawira, mzee Kiama, aliwafuga Juja kwa miaka mingi. Alipofariki, watoto wake wa kiume waligawana ng'ombe na pampu ya maji. Nyawira aliomba bata tu. Aliwaleta Gitothua ndani ya katoni mbili. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Bata walitaga vizuri, lakini hawakupenda kulalia mayai. Jike mmoja angekaa siku mbili, kisha angeondoka asirudi tena. Mzee Kiama alikuwa akiwapa kuku wayalalie. Nyawira hakufuga kuku. Bata walizidi kuzeeka na vifaranga hawakuonekana.

Ndipo Kagwe akatengeneza mashine ya kuangulia mayai. Alichukua sanduku la mbao akabandika ndani lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Aliweka kioo mlangoni, balbu mbili, feni ndogo ya kompyuta kuukuu, na kifaa cha kuzima balbu joto likifika kiwango. Nyawira alipendekeza waulize kwanza kwa Nimisha, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Ruiru. Kagwe alicheka. Alisema yeye hushinda na joto siku nzima, na hawezi kwenda kusimama dukani afunzwe joto.

Nyawira naye alifanya sehemu yake. Aliyaosha mayai kwa sabuni na kuyasugua mpaka yakang'aa kama vikombe vya wageni. Kagwe aliyapanga ndani na kuyageuza asubuhi na jioni bila kukosa. Kioo kikiingia ukungu hata kidogo, alikifuta kwa kitambaa na kufungua matundu yote ya hewa.

"Mvuke ni adui," alimwambia mkewe. Kiwandani, tanuri likibaki na mvuke, biskuti hutoka laini, na msimamizi huja kuuliza ni nani alikuwa kazini.

Wiki nne zikaisha. Mayai mawili yalipasuka kidogo. Nyawira aliweka sikio karibu na kioo akasikia sauti nyembamba ndani ya maganda. Alishona siku hiyo yote akiwa anatabasamu. Kesho yake hakusikia kitu. Siku iliyofuata pia kimya. Hakuna kifaranga hata mmoja aliyetoka.

Ngigi, jirani mwenye kioski upande wa pili wa ua, aliipata habari.

"Kagwe, nasikia umeweka bata kwa oven," alisema kupitia kwenye ua. "Sasa sisi majirani tuje na ugali ama mtatupatia?"

Kagwe aligeuka akaingia ndani. Aliyatoa mayai akayatupa nyuma ya banda, akayafunika kwa udongo kidogo na majani. Manne tu ndiyo yalibaki. Nyawira alikuwa ameyazuia, akisema labda yamechelewa.

Harufu ya mayai mabovu huenda mbali. Usiku wa pili mbwa wa kuzurura waliingia. Kulipokucha Nyawira alikuta wavu wa banda umelegea chini na manyoya meupe yametapakaa. Bata dume alikuwa amekufa. Majike wote walikuwa wamekufa isipokuwa wawili waliojibana kwenye pembe. Nyuma ya banda udongo ulikuwa umefukuliwa, na maganda ya mayai yalitengeneza njia hadi kwenye ua.

Kagwe aliyatazama maganda hayo kwa muda mrefu. Kisha alichukua jembe, akachimba shimo la kufika kiunoni, akawazika bata humo. Alirudi akakaza wavu na kuuzika ukingo wake ardhini.

Jikoni kulikuwa na bakuli la mayai ya wiki hiyo, ambayo bado hayajaoshwa. Nyawira aliyaweka mezani mbele ya mumewe.

"Dume hayuko," alisema. "Hawa wawili watataga mayai yenye mbegu siku chache tu. Baada ya hapo ni ya kukaanga. Kwa hivyo haya ndiyo ya mwisho, Baba Beth. Mashine isiwashwe mpaka tuongee na daktari."

Beth alikuwa binti yao, aliyekuwa chuoni Nyeri. Nyawira alimwita mumewe hivyo siku zote, lakini leo aliita taratibu mno. Kagwe alivaa viatu.

Nimisha alizaliwa Thika na kusomea afya ya mifugo. Aliendesha duka pamoja na kaka yake, Yogesh, na wateja wote walimwita daktari. Nyawira alipotoa yale mayai manne kwenye mfuko, Yogesh alisogea nyuma. Alisema anaenda kutafuta chakula cha mchana, na kwamba leo hatakula mayai.

Nimisha alitandaza gazeti kwenye meza ya nyuma ya duka, akavaa glavu, akavunja yai la kwanza. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili. Alikuwa na manyoya, kucha na mdomo. Utando wa ndani wa yai ulikuwa umemshika mwili mzima, mkavu kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi.

"Huyu hakufa kwa baridi," alisema Nimisha. "Alifika mlangoni. Akakwama."

Alivunja la pili. Lilikuwa hivyo hivyo. La tatu na la nne yalikuwa yameoza tangu mwanzo, na aliyafunga haraka ndani ya gazeti.

Akauliza joto lilikuwa kiasi gani. Kagwe alisema nyuzi thelathini na saba na nusu, na kipimajoto kilikaa karibu na mayai. Nimisha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema hilo ni sahihi kabisa, na kwamba wengi hushindwa hapo.

"Na maji uliweka wapi?"

"Maji gani?"

"Ndani ya mashine."

"Sikuweka. Kioo kikiingia mvuke nilikuwa nafuta. Mimi ni mtu wa tanuri, daktari. Nimeoka biskuti miaka kumi na moja. Mvuke ukikaa ndani, hiyo ni hasara."

Nimisha hakucheka. Alivua glavu.

"Biskuti inaiva ikipoteza maji," alisema. "Yai la bata ni kinyume. Likikauka sana, utando unakuwa mgumu, na mtoto hawezi kugeuka atoboe. Fikiria mama yake. Anatoka kuoga, anarudi kulalia mayai na manyoya mabichi. Mayai yake yamezoea hivyo, hata kuliko ya kuku."

Kagwe aliuliza kama maji hayataleta baridi. Nimisha alisema balbu zitashughulikia baridi, na kazi ya Kagwe ni unyevu. Aweke sinia pana la maji chini ya mayai, kwa sababu upana ndio unaotoa mvuke, wala si kina. Anunue kipima unyevu kidogo. Kisome karibu hamsini na tano kwa mia mpaka siku tatu za mwisho, kisha sabini. Asizidishe mapema, kwa maana maji mengi pia humzamisha kifaranga ndani ya yai. Matundu machache yabaki wazi, kwa kuwa kifaranga anapumua kupitia ganda. Kuanzia wiki ya pili, mara moja kwa siku, afungue mashine kwa dakika kumi na kuyanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu, kana kwamba mama ametoka kidogo na kurudi. Siku tatu za mwisho asigeuze mayai, wala asifungue mlango.

"Hawa wenu ni wiki nne," aliongeza. "Wale bata wenye nyama nyekundu usoni ni wiki tano. Watu wengi hutupa mayai yao yakiwa hai."

Kisha akamgeukia Nyawira, akauliza ni nani aliyeosha mayai. Nyawira alisema ni yeye.

"Uliyaosha vizuri sana," alisema Nimisha. "Ganda lina ngozi nyembamba inayozuia viini vya magonjwa. Ukiosha na sabuni, unaitoa. Badilisha nyasi za kiota ili yai litoke safi. Lenye matope makavu, kwangua taratibu. Lililochafuka sana, usiliweke kabisa. Na yakingoja, yakae mahali baridi, upande mwembamba chini, yasipite wiki moja."

Njiani kurudi, Nyawira alisema angalau wamegawana makosa nusu kwa nusu. Kagwe alisema nusu yake ilikuwa kubwa zaidi.

Waliongeza mayai machache ambayo majike wawili walitaga siku zilizofuata, kisha wakawasha mashine. Baada ya wiki moja waliyamulika kwa tochi gizani, kama daktari alivyowaonyesha. Mengine yalikuwa meupe matupu, na wakayatoa. Tisa yalikuwa na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Kagwe, aliyezoea kufuta kioo, alikuwa sasa akisimama na kitambaa mkononi, akikitazama kioo kikiingia ukungu, kisha anakirudisha kitambaa mfukoni. Siku moja umeme ulipopotea, walifunika mashine kwa blanketi nene na kuacha matundu wazi mpaka ukarudi.

Katika wiki ya nne, yai moja lilitoboka. Kidomo kilionekana kwenye tundu, kikipumua. Asubuhi kilikuwa hapo. Mchana kilikuwa hapo. Jioni kilikuwa hapo hapo, na sauti ilikuwa imepungua.

Nyawira alikuwa amewahi kuisikia sauti kama hiyo ikipotea. Alichukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akapiga magoti mbele ya mashine. Kagwe alimshika mkono kabla hajagusa mlango.

"Wacha, Mama Beth."

"Amechoka. Muone."

"Anapumzika. Daktari alisema inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Damu na kiini bado vinaingia tumboni. Ukimkata sasa atavuja damu. Na ukifungua mlango, mvuke unatoka, na hawa wengine wanakauka."

"Na akifa?"

"Akifa, basi na huyo ni juu yangu." Kagwe aliuachia mkono wa mkewe. "Wale mbwa ni mimi niliwaita. Kama ningezika yale mayai vizuri, wasingekuja."

"Najua," alisema Nyawira.

Aliuweka mkasi sakafuni. Walikaa hapo wote wawili, migongo ukutani, wakiangalia kioo ambacho hakikuonyesha vizuri kwa sababu ya ukungu. Hakuna aliyeinuka.

Alfajiri ganda lilianza kukatika lenyewe, kwa mstari wa kuzunguka, kama kifuniko cha mkebe. Kifaranga alisukuma mara mbili, akalala, akasukuma tena. Akatoka mzima, amelowa na hana umbo. Mpaka kesho yake jioni walikuwa saba. Mayai mawili hayakutoka. Kagwe aliyazika kwenye shimo refu siku hiyo hiyo.

Vifaranga walipokauka, walihamishwa kwenye boksi lenye balbu. Walipewa maji ya kunywa kwenye sahani ya chini, yenye mawe ndani ili wasizame, kwa kuwa bata aliyetoka mashineni hana mafuta ya mama kwenye manyoya yake. Nimisha alipokuja kuwaona, Nyawira alimuuliza majike ni wangapi. Hilo ndilo lilikuwa limemnyima raha. Madume watupu wasingetaga, na bata wa baba yake wangeishia hapo. Nimisha alisema asubiri miezi miwili asikilize. Dume huongea kwa sauti iliyokwama kooni. Jike hupiga kelele.

Nyawira alisubiri. Walipoota manyoya meupe, mmoja alianza kukwaruza kama mtu mwenye mafua. Mwingine naye vivyo hivyo. Wa tatu alifungua mdomo, na kelele yake ilifika barabarani. Ngigi aliinua kichwa kioskini, akauliza kama huyo bata ana mahali pa kupunguza volyumu. Nyawira alimwambia hana, na kwamba anaomba Mungu wenzake wawe hivyo hivyo.

Wiki ile majike wakawa wanne. Nimisha aliahidi kuwatafutia dume wa damu nyingine, ili ndugu wasizaane.

Jumapili moja Philip, kaka yake Nyawira, alipiga simu kutoka Juja. Walisalimiana, wakaongea habari za mvua na za Beth. Nyuma ya Nyawira bata walikuwa wamefunguliwa banda, na hakuna aliyekuwa amenyamaza. Philip aliacha kuongea katikati ya sentensi, akasikiliza.

"Hao ni wa baba?" aliuliza.

"Ni wao," alisema Nyawira, akaisogeza simu karibu na banda.