Mashua ya Zamani Yenye Lami Mpya

Kila siku nilipotoka shule sikupitia nyumbani kwanza. Nilishuka moja kwa moja hadi banda la babu, kando ya mto Deatnu, kaskazini kabisa mpakani na Norwe, nikatundika begi langu kwenye msumari wa mlangoni na kuuliza, "Leo tunafanya nini, babu?"

Babu Jovnna alijibu vilevile kila siku, bila kuinua macho. "Leo tunangoja, mjukuu wangu."

Kungoja kwenyewe kulikuwa kazi. Nyuma ya banda kulikuwa na rundo la mbao za msonobari, zimepangwa moja juu ya nyingine, vijiti vimewekwa katikati ili upepo upite. Kila wiki tulilipangua lile rundo na kulipanga upya, ubao wa chini ukapanda juu, wa juu ukashuka. Babu aliugonga ubao kwa kidole, akausikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha akasema, "Bado huyu. Bado amelewa maji." Alizungumza na mbao kama watu, na mimi nikazoea, hadi leo bado namsikia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Babu alikuwa fundi wa mwisho upande wetu wa mto aliyejua kuunda mashua kwa jicho tu, bila mchoro. Zile mashua ndefu nyembamba ambazo mtu husimama nyuma na kuzisukuma kwa upondo dhidi ya maji makali. Nami nilitaka kitu kimoja duniani: kuunda moja pamoja naye kabla mikono yake haijachoka. Lakini paa la banda lilivuja, na majira ya baridi humo ndani hata gundi iliganda. Mama zangu wadogo walikwisha kuamua kwamba mwaka huo banda lifungwe na babu akaishi nao mjini, kusini, kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na mto.

Ndipo mradi ukaja, hata kabla ya lile rundo la mbao.

Mabango ya miradi kijijini kwetu nayakumbuka yote. Kulikuwa na bango la kiwanda cha jamu ya beri, kilichodumu majira mawili. Kulikuwa na la njia ya watalii, iliyoishia kwenye kinamasi kwa sababu aliyeichora hakuwahi kufika. Kila bango lilikuwa na bendera nyingi kuliko watu walioajiriwa. Fedha zilitoka nchi kadhaa za kaskazini kwa pamoja, na wenye fedha waliishi mbali sana na theluji yetu. Hawakuwa watu wabaya. Walipenda tu vitu vimalizike kabla ya ripoti.

Huu wa mashua aliuandika mjomba Heaika, mtoto wa babu, aliyesoma na kujua lugha ya fomu. Sharti moja lilikuwa washirika watoke nchi mbili. Mjomba akamwandika Bibi Márggu, binamu ya babu, aliyeishi ng'ambo ya mto, upande wa Norwe. Alipopiga chafya mlangoni kwake tulimsikia. "Mshirika wa kimataifa," babu alimwita tangu siku hiyo, na Bibi Márggu akamjibu kwamba basi aanze kumpigia saluti.

Mradi uliahidi paa jipya, jiko la chuma, na ujira wa babu wa miaka miwili atufundishe watoto sita. Sisi tuliahidi mashua mpya katika miezi kumi.

"Miezi kumi?" babu aliuliza siku aliposomewa. "Mti tutaukata Februari, ukiwa umelala. Halafu ukauke, majira mawili ya joto. Heaika, hiyo miezi kumi umeitoa wapi?"

"Baba, fomu ina nafasi ya miezi kumi tu," mjomba alisema. "Ningeandika miaka miwili, wangempa mtu mwingine."

Babu aliinuka. Alikwenda nje kutazama miti. Februari tukaukata mmoja, tukaupasua mbao, na kungoja kukaanza.

Mwezi Juni, jua likiwa halitui tena, barua ikaja. Mkaguzi alikuwa njiani kuja kuiona mashua, na akiridhika paa na jiko vingefuata. Mashua yenyewe ilikuwa bado rundo la mbao.

Mjomba hakulala siku mbili. Siku ya tatu akatuita watoto, akatuonyesha mashua kuukuu ya babu iliyokaa kifudifudi nyuma ya ghala la nyavu miaka kumi na zaidi. "Tutaikwangua, tutaipaka lami," alisema. "Ni babu yenu aliyeiunda, si uongo huo. Tunabadilisha mwaka tu."

Tukaikwangua. Tukachemsha lami ya visiki vya msonobari, nyeusi, yenye harufu ile inayonirudisha utotoni hata nikiisikia katikati ya jiji. Tuliipaka tabaka tatu. Ánte, mtoto wa jirani, alinicheka akiwa na brashi mkononi. "Ravna fundi mkuu. Umeunda mashua kabla hujazaliwa."

"Nyamaza wewe, pua yako yenyewe ina lami," nilimwambia. Lakini maneno yake yalinikaa.

Kwenye ukingo wa mashua kulikuwa na mikato saba, laini kama imelambwa. Ni kamba za nyavu zilizoukata ubao mwaka baada ya mwaka, bibi yangu, mke wa babu, akivuta samoni. Lami haikuweza kuifunika. Mjomba akanipa ngozi ya kulungu wa theluji. "Itandike hapo, mpenzi wangu. Mgeni akikuuliza, mwambie hapo ndipo ulipokaa ukipiga randa."

Nilimtazama babu. Alikuwa amekaa kwenye rundo lake, anachonga kijiti ambacho hakikuwa na kazi yoyote. Hakusema neno.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja kutoka Aislandi, Bi Halldóra, mrefu, mwenye viatu vya mpira vilivyochakaa. Hilo la viatu nililipenda. Bibi Márggu akavushwa na jirani kuja kuwa mshirika, amevaa shali yake ya sikukuu. Macho yake wakati huo yalikuwa yamebaki na ukungu tu, akatembea amenishika bega.

Mjomba alieleza kila kitu kwa Kiingereza, akionyesha hapa na pale. Bi Halldóra alipiga picha. Bibi Márggu, ambaye hakuelewa neno, alinyoosha mikono kuisalimia mashua kama afanyavyo kipofu. Akapapasa lami, akapapasa ngozi, akaiinua. Vidole vyake vikaingia kwenye mikato, mmoja, wa pili, wa tatu. Vikasimama.

"Jovnna," alisema kwa lugha yetu, taratibu. "Hii ndiyo iliyonivusha nikiwa bibi harusi. Mama alilia huko ukingoni mwa mto na mimi nilishika hapa, nisianguke. Kumbe bado ipo. Mbona mmeivisha nguo mpya?"

Bi Halldóra akatabasamu. "Anasemaje?"

"Anasema ni mashua nzuri sana," alijibu mjomba. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

Mgeni akanigeukia. Aliongea polepole, Kiingereza cha darasani nilichokielewa. "Na wewe? Uliunda sehemu gani?"

Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelikariri. Nililiona paa jipya, na jiko likiwaka, na babu humo ndani. Nikaona pia mkono wa Bibi Márggu, bado umeshika ule mkato, unamngoja mtu amjibu. Kama ningesema hii ni mpya, basi yeye hakuvuka. Bibi yangu hakuvuta samoni hata mmoja.

"Sikuunda," nilisema. "Hii ni ya zamani. Nilipaka lami tu. Bibi Márggu anasema ilimvusha siku ya harusi yake."

Mjomba aliweka karatasi zake juu ya jiwe akatoka nje ya uwanja, na Ánte akajifanya anafunga kiatu. Nilijua nimelifunga banda kwa mdomo wangu.

"Na mpya iko wapi?" aliuliza Bi Halldóra.

Aliyeinuka ni babu. Hakujua Kiingereza, lakini swali alilifahamu. Akampeleka kwenye rundo, akamshika mkono na kuulaza juu ya ubao, kisha akanipa ishara nitafsiri.

"Mwambie mti huu tuliukata Februari. Unahitaji majira mawili ya joto."

"Fomu inasema miezi kumi," alisema Bi Halldóra.

"Mwambie fomu haikuuliza mti."

Nilipotafsiri, yule mama alicheka, mkono bado uko kwenye ubao. Akasema kwao baba yake alianika samaki kwenye vichanja vya upepo, na mfanyabiashara mmoja aliwahi kumwomba aharakishe. "Baba alimwambia akamwombe upepo."

Hakutuahidi kitu. Alisema ataandika alichokiona, yote, na kwamba kwa mwaka huo hawezi kutoa fedha. Akaondoka. Jiko halikuja. Mjomba hakuzungumza nami wiki nzima, na mama zangu wadogo wakaanza kufunga vitu vya babu kwenye maboksi.

Barua ilifika Oktoba. Mradi wetu ulikuwa umepewa miaka miwili zaidi, na paa lingejengwa kabla ya theluji. Jiko tulitafute wenyewe. Chini ya barua, kwa mkono, Bi Halldóra alikuwa ameandika kwamba ofisini wamebadilisha kipengele kimoja: kuanzia sasa fomu itauliza kazi yenyewe inahitaji muda gani. Mstari mmoja tu. Watu wetu walikuwa wameusubiri tangu bango la kwanza.

Mjomba alikuja bandani jioni ile na jiko kuukuu la mkwe wake, akalibwaga sakafuni. Akang'oa na bango la mradi wetu, lenye bendera zake, akalilaza juu ya rundo la mbao lizuie mvua. "Angalau lifanye kazi," alisema. Halafu akanigusa kichwa. "Nilikuweka pabaya, mwanangu. Haikuwa haki."

Maboksi ya babu yakafunguliwa.

Mashua tuliishusha majini nikiwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa ya rangi ya asali, lami yake ya kwanza ikiwa tabaka moja tu, jembamba. Bibi Márggu aliketi wa kwanza, akapapasa ukingo. "Hapa hamna kitu," alisema. "Laini kama uso wa mtoto."

"Ukingo utapata alama zake," babu alimwambia. Kisha akanivuta kando, upondo mkononi. "Siku ile nilikaa kwenye rundo nikanyamaza, Ravna. Mtu mzima mimi, nikamwachia mtoto aseme. Nilidhani nikinyamaza simo katika uongo, kumbe nilikuwamo. Ulifikiri ukisema kweli utanipoteza, na bado ukasema. Hivyo ndivyo mashua inavyoundwa. Huwezi kumdanganya mtu kuhusu ubao halafu umwombe akae ndani yake, katikati ya maji makali. Jifunze hilo, randa utaijua tu."

Akanipa upondo, nikawavusha wote wawili.

Babu yuko makaburini sasa, na Bibi Márggu vilevile. Mashua ninayo. Ukingoni ina mikato mitatu, na wa nne umeanza, iliyochongwa na kamba yangu. Kila mwaka naipaka lami, na nikifika hapo naizungusha brashi, naiacha mikato wazi.