Prado Mbili na Mkwe Asiyepiga Magoti

"Msichana wako alinisalimia amesimama wima kama nguzo ya umeme," mama alisema kwenye simu, bila hata kuniuliza nimeamkaje.

"Mama, si alikusalimia? Alisema shikamoo."

"Shikamoo hata redio inasema. Magoti yake yalikuwa wapi?"

Magoti ya Kezia nilijua yalikuwa wapi. La kulia lilikuwa mahali pake, zima kabisa. La kushoto lilibanwa kati ya mitumbwi miwili siku ziwa lilipochafuka, na tangu hapo linakunja kidogo tu halafu linagoma, kama mlango wa choo cha stendi.

Ningemwambia mama mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimeapishwa.

"Nikimwambia goti bovu, yeye atasikia mke mbovu," Kezia aliniambia kabla hatujaenda Muleba kumwona mama kwa mara ya kwanza. "Anipende kwanza. Goti atalikuta ndani."

Sasa ngoja nikwambie Kezia ni nani, ili uelewe kwa nini nilikubali kuapishwa kama shahidi wa mahakamani. Ni binti wa mzee Masalu, Msukuma aliyekuja visiwa vya Muleba kuvua samaki, akapapenda, akasahau njia ya kurudi kwao. Kezia hununua samaki mwaloni, huko ziwani inakotia nanga mitumbwi, anawapeleka Bukoba kuuza, na kesho yake hivyo hivyo. Wachuuzi wazima wenye ndevu humsubiri ataje bei ndipo na wao wafungue midomo. Mimi natengeneza simu Kashai, hukohuko Bukoba. Siku ya kwanza aliniletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya sangara. Nikaitengeneza. Kibanda kilinuka shombo wiki nzima, na shombo ilipoisha nikaona kibanda kimepoa.

Basi mama hakuwa na habari na hayo yote. Yeye alitaka magoti. Kwetu Wahaya binti akimsalimia mama mkwe bila kushuka chini, hata kama ana digrii, hata kama ameleta kreti ya soda, hajasalimia.

"Sikiliza, mwana wange," mama alimalizia. "Rugaibula haendi kokote Jumamosi. Hao watu wa visiwani kama hawakumfundisha mtoto wao kushuka chini, posa yetu wataipokelea wapi? Dirishani?"

Rugaibula ni baba yangu mdogo, ndiye mshenga wetu. Bila mama kumruhusu, hata viatu havai. Na mzee Masalu alishaalika ndugu zake kutoka Mwanza waje kuipokea posa. Posa isipofika, Kezia angebaki na aibu mbele ya ukoo mzima. Aliniambia wazi kwamba aibu hiyo hataisubiri mara mbili.

Wakati huohuo, mpenzi wangu alikuwa ananunua gari. Ndiyo, yeye. Mimi nilikuwa mshauri, yaani mtu mwenye maoni mengi asiye na funguo.

Kwenye yadi moja pale Bukoba zilikuwa zimepaki Prado mbili kama mapacha. Umbo moja, injini moja, zote otomatiki, zote zinapanda kilima chenye utelezi huku dereva anajikuna sikio. Tofauti yao ilikuwa herufi moja. Moja ni TX: viti vya kitambaa, na kiti unakisogeza mwenyewe kwa kuvuta chuma kilicho chini yake. Nyingine ni TX-L: viti vya ngozi, na kiti kinasogea kwa kubonyeza kitufe. Mimi nilikuwa upande wa TX. Nilimwambia Kezia gari la kwenda mwaloni kila siku halihitaji ngozi, atachekwa na wavuvi, wataanza kumwita mheshimiwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Ana tabia hiyo, anakuacha umalize ili uanguke kutoka juu.

"Joackim, kitambaa kikishika shombo utakisugua wewe? Ngozi unapitisha tambara, basi. Halafu kile kiti cha chuma, ukishavuta, unakisukuma nyuma kwa nini?"

"Kwa miguu."

"Mingapi?"

Nikahama chama palepale.

Lakini bado kulikuwa na mama. Ndipo akili yangu ya kidato cha nne ikazaa mpango. Nilimpigia mama nikamwambia Kezia anachagua gari, amekwama, anaomba ushauri wa mtu mzima. Mama hajawahi kumiliki hata baiskeli. Ila umeshamwona Mhaya akiombwa ushauri akasema hajui? Akauliza tu ni saa ngapi.

Kwa nini yadi? Kwa sababu yadi nzima imemwagwa kokoto. Nilijiambia hakuna mama mkwe duniani atakayedai mtu apige magoti kwenye kokoto.

Asubuhi ya siku hiyo Kezia akanitumia ujumbe: "Nakuja. Ila usinishike mkono kama mgonjwa. Na mama yako akinisema usijifanye unakohoa."

Mama alifika amevaa kitenge cha misa ya Pasaka. Kezia akasogea, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo mama." Akabaki wima. Mama akamtazama usoni, akashuka na macho mpaka magotini, akayahamishia kwenye kokoto.

"Marahaba. Kokoto zenyewe ndogo," akasema. "Mimi nilimsalimia mama mkwe wangu kwenye mawe ya msingi wa nyumba."

Nikataka kukohoa. Nikakumbuka ujumbe.

Akatuokoa Clavery, muuzaji, kijana mwenye mdomo wa kumuuzia samaki maji. Akamshika mama kwa maneno, akamzungusha kati ya gari la kushoto, TX, na la kulia, TX-L. Mama akapiga tairi teke, akanusa ndani, akauliza hiyo L ni ya nini.

"L ni ya lakshari, mama."

"Kwa hiyo hili lisilo na L ni la wafiwa?"

Clavery akacheka kwa heshima. Kisha akamgeukia Kezia, akamwambia mteja hachagui kwa macho, anachagua kwa makalio, aanze kukaa la kushoto. Kezia akajaribu kukwepa. Akasema ameshaliona. Clavery alishafungua mlango, anapangusa kiti kwa kitambaa. Mama amesimama palepale, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani.

Kezia akanitazama mara moja, halafu akaufuata ule mlango.

Mtu mwenye magoti yake hupanda Prado kwa kuingiza mguu kwanza. Kezia aligeuka, akalipa gari mgongo, akashika mlango, akatanguliza makalio kitini. Akapumua. Kisha akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili chini ya paja, akauinua kama anavyoinua tenga la samaki, akauingiza ndani. Wa kulia ukafuata wenyewe. Alifanya yote hayo uso umetulia, kidevu juu. Mimi mwanamke yule nimemwona akibishana na wanaume kumi mwaloni, sikuwahi kumwona mkubwa kama pale.

Mama akaitoa mikono mgongoni. Akasogea mpaka mlangoni, karibu kabisa, sauti yake ikashuka.

"Ni lipi?"

Kezia akauachia ule mguu.

"La kushoto, mama."

"Hongera sana dada," Clavery akadakia, kalamu mkononi tayari. "La kushoto ni gumu, halina usumbufu."

"Linasumbua," Kezia akasema, macho yakiwa kwa mama. "Hasa asubuhi ya baridi."

"Ya baridi unaliacha tu lipate moto kwanza, ndipo unaondoka," Clavery akashauri.

"Ni kweli," mama akaitikia. "Hata mimi ndivyo ninavyofanya."

Clavery akageuka taratibu. "Kumbe mama nawe unalo?"

"Mimi ni yote mawili," mama akasema. "Na nimewaficha watoto."

Ungemwona Clavery. Alimtazama mama kwa heshima inayowastahili matajiri wa kimya kimya, akakimbia ofisini kumletea kiti. Nilimsikia akimwambia bosi wake kule ndani kwamba kuna mama wa Muleba ana magari mawili na familia haijui.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama nikimtazama mama yangu kama mtu aliyeuziwa simu akakuta ina laini mbili.

"Mama, magoti?"

"Wewe nyamaza. La huyu ulilijua?"

"Nililijua."

"Na yangu?"

Kanisani mama hukaa benchi la mwisho nyuma ya nguzo. Wenzake wakipiga magoti yeye huinama akiwa amekaa, mpaka paji la uso linagusa benchi la mbele. Watu husema Clotilda anasali mpaka anazama. Hata mimi nilikuwa nawasimulia watu Kashai, kwa maringo, kwamba nina mama mcha Mungu. Kumbe alikuwa anajificha.

"Nimeona unavyokaa," mama akamwambia Kezia. "Kutanguliza makalio. Nikajua. Hakuna anayekaa hivyo kwa maringo." Halafu akauliza, si kwa ukali tena, "Siku ile kwangu kwa nini hukusema?"

"Ungenihurumia."

Mama akafikiri. Ni mtu mgumu, lakini hajui kudanganya akiwa ameangaliwa machoni. Hivyo ndivyo nilivyoamini siku ile.

"Nisingekuhurumia," akasema. "Ningekukataa. Ningesema mwanangu analetewa mtu asiyeweza kupalilia migomba."

Nikaona vidole vya Kezia vinakaza kwenye usukani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ileile anayotajia bei.

"Na leo, mama? Kwa sababu Jumamosi baba yangu ameshaita ndugu zake. Kama ni hapana, niambie hapahapa, niwapigie wasipande basi. Siwezi kukunja goti hili. Nikisema nitajitahidi nitakuwa nakudanganya."

Mama alimtazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko barabara ya kwenda Biharamulo.

"Leo nikikukataa wewe," akasema hatimaye, "nitakuwa nimejikataa na mimi. Shuka humo. Kiti hicho hakitufai."

Hakitufai. Nililisikia hilo "tu" vizuri, na Kezia alilisikia, maana alichelewa kushuka, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Wakahamia la kulia. Kezia akabonyeza kitufe, kiti kikarudi nyuma polepole, taratibu kama padri anayeshuka altareni, nafasi ya mguu ikapatikana tele. Akakaa, akainua mguu, akabonyeza, kiti kikamsogeza mbele mpaka kwenye usukani. Kisha mama akataka ajaribu na yeye. Akatanguliza makalio. Akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akabonyeza tena mbele. Clavery alifika na kiti cha plastiki, akakuta hakihitajiki.

"Hili ndilo," mama akatangaza.

"Mama, gari ni la Kezia," nikamkumbusha.

"Nani amekuuliza? Mwambie huyu kijana mwenye kalamu afute la kushoto."

Clavery akauliza kwa unyenyekevu kama yale mawili ya mama kule Muleba nayo yana L. Ikabidi Kezia amweleze. Kijana wa watu akawa mwekundu, na yeye ni mweusi kuliko mimi.

Mama hakushuka. Akatoa simu akiwa kwenye ngozi yake, akampigia Rugaibula, akamwambia apige pasi kanzu ya Jumamosi. Tulimsikia baba mdogo akiuliza kama yule binti hatimaye amepiga magoti. Mama akajibu kwamba hayo wameyamaliza wenyewe, akakata.

Posa ilikwenda na ilipokelewa. Kezia sasa hushuka mwaloni na kurudi na Prado yake, na wavuvi kweli wanamwita mheshimiwa. Anaitika.

Harusi tulifungia Muleba. Ukumbini ukafika wakati wa bibi harusi kumlisha mama mkwe keki, na kila mtu anajua mtindo wake: bibi harusi anashuka chini, sahani mkononi, kamera zinasogea. Kezia akaenda mpaka mbele ya mama, akasimama. Mama naye akainuka kitini, kwa shida yake, wakawa uso kwa uso.

Shangazi Theopista, dada wa marehemu baba, mlinzi mkuu wa mila zetu, akapaza sauti kutoka meza ya pili.

"Mbona hapigi magoti huyu?"

Mama hakugeuka hata shingo. Akafungua mdomo, akapokea kipande chake, akatafuna, akameza.

"Alishapiga," akasema. "Wewe ulikuwa hujafika."

Shangazi Theopista alikuwa amefika tangu juzi, ndiye aliyesimamia kumenya ndizi zote za harusi. Akamtazama mama. Mama akamtazama. Kisha shangazi akavuta sahani yake karibu, akauliza kama keki imebaki.