Aliyekuwa Ndani ya Gunia

Jua lilikuwa linatua nilipofika Ruiru kutoka Thika, kifurushi kwapani, nikikimbizana na kafyu. Ndani ya kifurushi mlikuwa na gunia la kahawa lenye matundu mawili ya macho.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa karani wa polisi, nikafukuzwa kwa kuuliza maswali, basi nikajitangaza mpelelezi wa kibinafsi. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Katika Hali ya Hatari, alisema, nani atakuhitaji, na kila jirani ni mpelelezi?

Alinihitaji Wakonyo, mjane. Askari waliwapanga vijana wa kijiji chao uwanjani, wakamleta mtu aliyefunikwa gunia awaonyeshe waasi. Mtu yule hakusema neno. Alipofika mbele ya Kagwe, mwana pekee wa Wakonyo, akainamisha kichwa. Kagwe akatupwa kwenye lori na hakurudi tena.

"Mimi nataka jina tu, Baba Mbithe," aliniambia. "Nijue kabla nikufe."

Gunia nilipewa huko Thika na Gichuru, aliyekuwa mmoja wa walinzi wa kijiji siku ile.

"Ndani kulikuwa nani?" nilimuuliza.

Alitazama nyuma kwanza. "Tulipotoa hiyo gunia... ndani hakuna mtu. Chukua tu, uende nayo mbali."

Mwongo mkubwa, nikasema moyoni.

Nilipoingia kwake Ruiru, Wakonyo alifunga mlango. Nilitaka alinuse gunia tu. Jasho la jirani angelitambua. Lilinuka ugoro na udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi.

Kabla sijamzuia, alilivaa.

"Wacha nione ile kitu aliona," alinong'ona.

Wakonyo alikuwa mfupi. Gunia lile lingempwaya, na matundu yangeangukia kidevuni. Lakini yalikaa sawasawa machoni pake, utadhani yalikatwa kwa kipimo chake.

"Mama Kagwe... vua."

Nikasikia pumzi yake. Na nyingine, nzito, humo humo ndani...

Kichwa kikanielekea, kikainama.

Mara moja.

"Ngai! Si mimi!" alilia ndani ya gunia. "Baba Mbithe, kuna mkono kwa shingo yangu! Si mimi!"

Nje, lori likasimama.

Nilikaa kizuizini miaka minne. Niliporudi, Wakonyo alikuwa ameshazikwa, na gunia hakuna aliyejua lilikokwenda. Je, mama yule alimsaliti mwanawe mwenyewe bila kujijua, kisha akanituma nimtafute aliyemsaliti? Au ni ule mkono? Mpelelezi mzima, sijui. Namchukia na kumlilia, yote kwa pamoja.

Maswali nimeacha. Ila mtu akinisalimu kwa kuinamisha kichwa, siitikii. Nageuka kwanza kutazama barabarani.