Nilishuka Salama, Baba Akaanguka

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mkulima wa uwele huku Mtinko, Singida. Mama alifariki nikiwa darasa la tano, nikabaki na baba, sisi wawili tu. Haya ninayoyaandika sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji wetu. Mnihukumu mkitaka, lakini someni hadi mwisho.

Uwele ukianza kukomaa, huku kwetu hakuna kupumzika. Ndege wale waharibifu, kweleakwelea, wakishuka shambani alfajiri, ikifika saa nne mmebaki na mabua matupu. Ndiyo maana tuna dungu, jukwaa la miti lililopita kimo cha mtu. Unapanda kwa ngazi, unapiga debe, unarusha mawe kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Baba alikuwa na magoti mabovu, kwa hiyo kazi ya dungu ilikuwa yangu.

Msimu ule wakaja watu wa miavuli. Walipiga kambi kwenye kiwanja kidogo cha ndege, nusu saa kwa baiskeli kutoka kwetu, wakawa wanafundisha watu kuruka kutoka angani. Nikapata kibarua cha kuwapikia mchana. Kocha wao alikuwa dada mmoja Mtanzania mwenye maneno makali. Siku moja akaniambia, "We binti, kila siku unakodolea macho ile ndege. Utaruka, au utasonga ugali mpaka uzeeke?"

Jamani! Nilicheka, lakini moyo ulikuwa umeshapanda ndege.

Akasema nitaruka nimefungwa naye kifuani, bure, ila kwanza nijifunze. Akanilaza kifudifudi kwenye mkeka: tumbo mbele, kichwa nyuma, shika mikanda. Tukikaribia ardhi, miguu juu! Na kila mkanda aliukagua mara tatu. Nikamuuliza kama hachoki. Akajibu, "Kazi hii haina kesho. Kamba inakazwa leo."

Nyumbani nikawa nafanya mazoezi kwa siri. Wapi? Kwenye dungu! Nasimama kwenye kipandio cha juu, naruka, naangukia rundo la mabua, napanda tena. Siku ya tatu kamba ya kipandio kile ikakatika. Nikachana pindo la kanga yangu, nikakifunga nalo, nikasema kamba nitatafuta kesho.

Kesho... Mungu anisamehe.

Asubuhi ya kuruka nilimwamkia baba. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivyo, na viatu vya kufunga?" Nikamdanganya kwamba jino limenitesa, naenda hospitali mjini. Mzee wa watu akanishika shavu! Akanipa pole, akasema, "Nenda mwanangu, usiliache likazidi. Ndege nitawaamia mimi leo."

Nilikikumbuka kipandio. Naapa nilikikumbuka, nikiwa tayari juu ya baiskeli. Ningerudi, ningekifunga kwa dakika tano tu. Lakini ndege ingeniacha. Nikajiambia, ah, baba na magoti yale atapanda wapi? Atapiga debe akiwa chini. Nikakanyaga pedali.

Kocha alikagua mikanda yangu mara tatu, kisha akanitazama usoni. "Kwenu wanajua?" Nikasema wanajua.

Mlango wa ndege ulipofunguliwa huko angani nilitaka kurudi kwa mama yangu kaburini! Tukaenda. Upepo ukaniziba pumzi, mashavu yakapepea, nikasahau yote niliyofundishwa. Kisha mwavuli ukafunguka juu yetu, mwekundu, na kukawa kimya kabisa. Nikaona mashamba, mabati, ng'ombe wadogo kama maharage. Nikalia kwa furaha. Nikapiga vigelegele huko huko angani. Tukashuka kwa makalio, miguu juu, sikupata hata mchubuko. Wakanipigia makofi, tukapiga picha, nikakaa pale hadi saa saba nikisifiwa.

Nilipofika karibu na nyumbani nikamkuta jirani yetu, Mama Elia, amejishika kichwa. "Ulikuwa wapi wewe? Simu inaita tu! Baba yako kaanguka kwenye dungu!"

Kumbe alipanda. Kwelea walikuja wengi mno, debe la chini halikuwatisha. Alilala pale shambani kwa muda wa karibu saa mbili kabla ya kuonekana, nyonga imevunjika. Nilipofika shambani alikuwa bado chini, na kando yake palikuwa na kile kipandio, kimening'iniza pindo la kanga yangu. Mnajua nilifanya nini? Kabla ya kumwinua baba, nililichomoa nikalificha kifuani.

Hospitalini, baba alipofumbua macho, neno lake la kwanza likawa, "Jino limepoa, mwanangu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akanisimulia. Alipanda vizuri tu, kwelea wakakimbia. Ndipo akaona mwavuli mwekundu kwa mbali, mtu ananing'inia. "Nikamwonea huruma. Nikasema, huyu mtoto wa nani, kwao wanajua kweli? Nikawa nashuka haraka nimwite Mama Elia aje aone..." Akanigeukia. "Hivi yule mtu alishuka salama?"

"Alishuka salama, baba."

Sikusema zaidi. Kwa nini sikusema? Woga! Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho. Alilala kitandani miezi mitano, nikimgeuza, nikimuosha vidonda, na yeye akinishukuru. Akiniita mtoto mwema! Kila aliponishukuru nilitoka nje nikalia. Mwisho kifua kikambana, akafariki mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Kanisani watu walisimama kunisifu kwa kumuuguza mzazi. Nilikuwa nimelifunga lile pindo la kanga kiunoni, chini ya nguo.

Ndugu zangu mnaosoma, sisemi msiruke. Kuruka hakukumuua baba yangu. Kama kuna kipandio mlichokifunga kwa pindo la kanga, nendeni mkakikaze leo, kabla hajapanda mtu anayewapenda. Na kama mmemdanganya mzazi, mwambieni angali anasikia. Mimi jana nilikwenda kaburini, nikapiga magoti, nikasema, "Baba, yule mtu wa mwavuli alikuwa mimi. Kwetu hawakujua."

Palikuwa na upepo tu, na kwelea wakipita.