Masuke Yaliyovunwa Mabichi

Evodia alikuwa anapepeta uwele nyumbani kwake, nje kidogo ya Nduguti. Jirani yake, Mzee Paulo, akaingia uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zile mbegu zako za malisho hazijaota. Wiki ya tatu sasa, shamba ni jeupe."

Evodia akaweka ungo chini. Alikuwa amepanda nyasi za rodesi nusu eka ili awauzie wafugaji mbegu. Mzee Paulo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamini na kuzinunua. Aliacha hata kupanda mtama, ili kiangazi kijacho ng'ombe wake wasikonde tena.

"Watu watasema nimekutapeli."

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema hazijaota."

Kesho yake Evodia alipeleka mbegu zilizobaki kwa Dorkas, afisa mifugo wa kata. Dorkas alizisugua kiganjani, akapuliza. Karibu zote zikapeperuka.

"Dada, haya ni makapi. Ulivuna lini?"

"Masuke yakiwa bado mabichi. Niliogopa upepo ungepukutisha mbegu."

"Ukakaushia wapi?"

"Juani, juu ya bati. Kisha nikafunga kwenye mfuko wa plastiki."

Dorkas akatikisa kichwa. "Subiri masuke yawe ya kahawia. Yapitishie mkono. Mbegu zikiachia kirahisi, vuna, usichelewe. Kausha kivulini, weka kwenye gunia linalopitisha hewa. Ziache zipumzike miezi kadhaa. Kabla hujampa mtu, hesabu mbegu mia, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu. Utaona ngapi zinaota."

Evodia alirudi moja kwa moja kwa Mzee Paulo.

"Mzee, kosa ni langu. Nilivuna mapema. Mwaka huu, nikishavuna mbegu, nyasi zote zitakazobaki shambani kwangu kata wewe, uwape ng'ombe."

"Haya. Na mbegu utaniletea tena."

Mwezi wa tano Evodia alipitisha mkono kwenye masuke kila asubuhi, mpaka mbegu zikaachia. Mwezi wa kumi na moja akazijaribu kwenye kitambaa. Kati ya mia, hamsini na tatu ziliota.

"Kwa nyasi hizi, hapo umefaulu," Dorkas alisema.

Mvua ziliponyesha, Mzee Paulo alipanda mbegu hizo, akazifukia kwa udongo kidogo tu. Evodia hakulala vizuri siku zile. Wiki ya pili alishindwa kuvumilia, akaenda kuangalia. Mzee alikuwa amesimama kando ya shamba. Akainua fimbo kumzuia.

"Zunguka huko pembeni, mwanangu. Hapo unapotaka kukanyaga pameota."